Kitunda cha Ubavuni: Réti na Capablanca, New York 1924

Tarehe 10 Februari 1916, katika mashindano ya sataranji mjini New York, José Raúl Capablanca wa Kuba alifungwa na Oscar Chajes. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuihifadhi tarehe hiyo moyoni. Mchezaji hufungwa leo, kesho akafunga. Lakini kesho ya Capablanca ilirefuka ikawa miaka minane. Tangu siku ile hadi Machi 1924 alicheza michezo 63 mikubwa, akashinda 40, akatoka sare 23, wala hakupoteza hata mmoja. Ndani ya miaka hiyo alimvua taji la dunia Emanuel Lasker, Mjerumani aliyelishikilia kwa miaka 27. Walikutana Havana, nyumbani kwa Capablanca, mwaka 1921. Mwenyeji alishinda mara nne, mara kumi wakatoka sare, na Lasker hakuambulia ushindi wowote. Mwaka uliofuata Capablanca akatwaa mashindano ya London, huko nako bila kufungwa. Wakamwita mashine ya sataranji, na jina likamkaa.

Aliyemtazama akicheza aliona mtu asiyehangaika. Aliweka kete zake panapostahili, akabadilishana zile asizozihitaji, akabaki na faida ndogo ambayo mwenzake hakuiona ilipozaliwa, kisha akaikuza taratibu mpaka ikawa ushindi. Fujo ubaoni hakuzipenda, na hakuzihitaji. Katika miaka hiyo wapo walioingiwa na hofu ya kweli kwamba sataranji inakaribia kuisha utamu: kila kitu kimeshajulikana, na mabingwa wakifika kiwango cha yule Mkuba, watakuwa wakitoka sare tu hadi mwisho wa dunia. Hofu hiyo ndiyo inayofanya mchezo tunaousimulia hapa uwe na uzito kuliko pointi moja katika jedwali la mashindano.

Aliyeukata mfululizo ule aliitwa Richard Réti. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1889 Pezinok, mji mdogo uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria na sasa uko Slovakia. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba alikuwa daktari wa jeshi, na kaka yake, Rudolph, alikuja kujulikana kama mpiga piano na mtunzi wa muziki. Richard alipelekwa Vienna kusoma hisabati, na Vienna ya siku hizo ilikuwa na mikahawa ambako watu walikaa na ubao kuanzia mchana mpaka taa zinapozimwa. Hisabati ikashindwa. Mwaka 1908 aliingia mashindano makubwa ya mji huo akiwa bado kijana, akashika mkia. Mwenye moyo mwepesi angerudi chuoni. Yeye aliendelea, na vita vikuu vilipokwisha alikuwa miongoni mwa wachezaji wakali wa Ulaya. Mwaka 1920 alishika nafasi ya kwanza Gothenburg, Uswidi.

Ili kuelewa alichokifanya New York, lazima kwanza tujue alikuwa akibishana na nani. Ubao wa sataranji una miraba 64. Kwa asiyezoea: safu za ubao hutajwa kwa herufi a hadi h, kutoka kushoto kwa mchezaji mweupe, na mistari hutajwa kwa namba 1 hadi 8, kutoka upande wake kwenda kwa mweusi. Ile minne ya katikati, d4, e4, d5 na e5, ina thamani kuliko mingine, kwa sababu kete iliyosimama hapo inafika pande zote. Mwalimu aliyewafundisha Ulaya somo hilo kwa ukali zaidi alikuwa Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani. Kwa mafundisho yake, mchezaji mwenye akili timamu huanza kwa kusukuma vitunda, wale askari wadogo wa mstari wa mbele, hadi katikati, kisha huwatoa farasi na maaskofu nyuma yao haraka iwezekanavyo. Katikati ikishikwa, mengine yatafuata. Anayeanza kwa kuchezea vitunda vya pembeni anapoteza muda.

Si kwamba kuanzia pembeni kulikuwa jambo geni. Mwaka 1843, mjini Paris, Mwingereza Howard Staunton alipambana na Pierre de Saint-Amant, na katika baadhi ya michezo akaanza kwa kitunda cha c. Ufunguzi huo mpaka leo unaitwa wa Kiingereza kwa sababu yake. Lakini kwa miaka mingi baada ya Staunton ulihesabiwa kuwa njia ya kando, ya kumchanganya mpinzani aliyezoea njia kuu. Hakuna aliyekuwa amesimama na kusema kwamba pembeni panaweza kuwa na hoja yake kamili.

Kikundi cha vijana wa Ulaya ya kati ndicho kilichosema hivyo. Aron Nimzowitsch alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyegombana na Tarrasch hadharani na kwa maneno makali. Gyula Breyer wa Hungaria alikuwa mwingine. Alifariki mwaka 1921 akiwa hajafika miaka 30, na sataranji ilipoteza kichwa ambacho hatukupata kuona mwisho wake. Savielly Tartakower aliwapa wote pamoja jina lililowakaa: wachezaji wa usasa uliopitiliza. Réti alikuwa mwandishi wao bora. Kitabu chake cha mwaka 1922 juu ya fikra mpya za sataranji kinaeleza jambo hili kwa utulivu ambao Nimzowitsch hakuwa nao kamwe. Kiini chake ni hiki: kuitawala katikati ni jambo moja, na kuikalia ni jambo jingine. Anayezishika njia zote zinazoingia sokoni hana haja ya kuweka banda lake katikati ya soko. Mwenye banda ndiye atakayelazimika kulilinda. Vitunda vilivyosukumwa mapema hadi katikati haviwezi kurudi nyuma, na vikishindwa kusonga mbele vinakuwa shabaha.

Jambo linalonigusa zaidi katika historia hii ni kwamba sehemu ya somo hilo Réti aliipata kwa Capablanca mwenyewe. Mwaka 1914 Capablanca alipita Vienna, na wawili hao wakacheza upande mmoja, wakishauriana, dhidi ya wachezaji wawili wa mji huo, Fähndrich na Kaufmann. Walifika mahali ambapo palikuwa na hatua nzuri sana kwa mujibu wa vitabu: kutoa kete ambayo bado haijacheza, tena kwa kumtishia mpinzani. Réti, aliyekulia katika mafundisho ya zamani, aliona hapana haja ya kufikiri. Capablanca hakutaka hata kuijadili. Alitafuta mpaka akapata hatua nyingine, isiyotoa kete mpya, ila inayolenga udhaifu uliokuwepo pale pale ubaoni, na kwa hatua hiyo wakashinda. Réti aliandika baadaye kwamba mchezo huo ulimpindua mawazo. Aliona kuwa kanuni za jumla ni za kumsaidia asiyejua, na kwamba bingwa wa kweli huuliza hali iliyo mbele yake inataka nini. Miaka kumi baadaye alimrudishia mwalimu wake somo lake.

Kuna ushahidi mwingine wa namna akili ya Réti ilivyofanya kazi, na ni mfupi kiasi kwamba kila msomaji mwenye ubao anaweza kuupanga sasa hivi. Ni fumbo alilolitunga mwaka 1921. Mfalme mweupe yuko h8, kitunda chake c6. Mfalme mweusi yuko a6, kitunda chake h5. Mweupe anaanza. Kitunda cheusi kimeshatangulia mbio kwenda kuwa malkia, na mfalme mweupe yuko nyuma kwa hatua mbili nzima. Kitunda cheupe nacho kiko mbali na msaada, na mfalme mweusi anakifikia akitaka. Kwa hesabu ya kawaida mweupe amekwisha. Lakini mfalme wake anashuka kwa mshazari, g7, kisha f6, na kwa kila hatua anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anakikaribia kitunda cha adui na anakikaribia chake. Mweusi hawezi kujibu yote mawili. Matokeo ni sare, pale ambapo jicho liliapa kuwa ni kifo. Ubaoni njia ya mshazari si ndefu kuliko njia iliyonyooka, na Réti alilielewa hilo kwa kina kuliko mtu yeyote wa zama zake.

Mashindano ya New York yalianza katikati ya Machi 1924 na kuendelea hadi Aprili 18, katika Hoteli ya Alamac iliyokuwa barabara ya Broadway. Wachezaji walikuwa 11, na kila mmoja alikutana na kila mwenzake mara mbili, michezo 20 kwa mtu. Bingwa wa dunia alikuwepo. Lasker alikuwepo, akiwa na miaka 55, na wengi walimhesabu kama mzee aliyekuja kuaga. Alexander Alekhine, Mrusi aliyeihama nchi yake baada ya mapinduzi, alikuwepo, tayari akimkodolea macho Capablanca na taji lake. Mwenyeji mkubwa alikuwa Mmarekani Frank Marshall. Walikuwepo pia Géza Maróczy, Efim Bogoljubow, Frederick Yates, Dawid Janowski, Edward Lasker ambaye alikuwa mhandisi, pamoja na Tartakower na Réti. Ni vigumu kutaja mashindano ya robo karne hiyo yaliyokusanya watu wazito kiasi hiki.

Kuna kisa cha siku hizo ambacho wapenzi wa sataranji hawachoki kukisimulia. Mabingwa walipopata nafasi walikwenda kutembelea bustani ya wanyama ya Bronx, na Tartakower, mtu wa mizaha, akasimama mbele ya orangutani aliyeitwa Susan na kumwomba ushauri wa kufungua mchezo. Kisha akaenda kupambana na Maróczy, na hatua yake ya kwanza kabisa ikawa kukisukuma kitunda cha b hadi b4. Alifungwa, lakini ufunguzi huo unaitwa Orangutani hadi sasa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kitunda hicho hicho, cha b, ndicho kilichobeba mchezo wa Réti uliochezwa siku zile zile, na safari hii mzaha haukuwepo.

Capablanca alikuwa ameyaanza mashindano bila cheche, sare juu ya sare. Katika raundi ya tano akakaa mbele ya Réti, aliyekuwa na kete nyeupe. Kwa asiyezoea: safu za ubao hutajwa kwa herufi a hadi h, kutoka kushoto kwa mchezaji mweupe, na mistari hutajwa kwa namba 1 hadi 8, kutoka upande wake kwenda kwa mweusi.

Réti alimtoa farasi wa upande wa mfalme hadi f3. Capablanca akamjibu kwa farasi wake f6. Kitunda cheupe kikaenda c4, na mweusi akakisogeza cha g hadi g6. Ndipo katika hatua ya 3 Réti akasukuma kitunda cha b miraba miwili, mpaka b4. Tarrasch angekunja uso. Hakuna kitunda cheupe hata kimoja kilichokuwa katikati, na mchezaji anatumia muda wake kupanua eneo kule kando kabisa. Lakini hatua ile ilikuwa na kazi. Ilimfungulia askofu nafasi ya b2, ambapo angeutazama ubao mzima kwa mshazari hadi kwa mfalme mweusi, na ilimfanya Capablanca afikiri mara mbili kabla ya kukisogeza kitunda chake cha c.

Kufika hatua ya 6 kulikuwa na picha ambayo watu wa wakati ule hawakuizoea: maaskofu wote wanne wamekaa kwenye mapaja ya ubao, wa Réti b2 na g2, wa Capablanca b7 na g7, wakitazamana kwa njia ndefu. Bingwa alikuwa ameamua kumjibu mwasi kwa lugha yake mwenyewe. Wafalme wote wawili wakafichwa pembeni. Kisha mweusi akafanya lile ambalo kila mwalimu angelisifu: katika hatua ya 9 akaweka kitunda e5, akiwa na kingine d6 cha kukitegemeza. Upande wa pili Réti alikuwa na kitunda d3, hatua moja tu kutoka nyumbani. Katikati ilionekana kuwa mali ya Capablanca.

Hatua zilizofuata ni za kimya, na mtazamaji asiye na subira angeweza kusinzia. Malkia mweupe akaenda c2, ngome ikahamia d1. Mweusi akaleta ngome e8 na kukipeleka kitunda cha a hadi a5, ili kukisumbua kile cha b4. Réti akakilinda kwa a3. Kisha, katika hatua ya 13, Capablanca akasukuma kitunda cha c hadi c5. Kwa maoni yangu mchezo uligeukia hapo. Hatua yenyewe ina sura ya heshima. Inakigonga kitunda cha b4 na kuongeza nguvu juu ya d4. Lakini angalia kinachobaki nyuma. Kitunda cheusi cha d6 kimepoteza walinzi wake wa asili: cha e kimeshapita, na sasa cha c nacho kimepita. Kitabaki pale d6 kikilindwa na kete kubwa, na kete kubwa inayolinda kitunda ni kete isiyofanya kazi nyingine.

Réti hakula. Alikipitisha kitunda chake mbele, hadi b5, nacho kikatulia hapo kama kimesahaulika. Akasogeza e3. Na katika hatua ya 16 akafanya alichokuwa akikiandaa tangu mwanzo: d4. Katikati aliyoiacha kwa hatua 15 sasa ilipigwa kwa nguvu, huku kila kete nyeupe ikiwa imesimama mahali pa kunufaika nayo ikifunguka.

Capablanca alijibu kama mpiganaji. Askofu wake akaruka hadi e4 na kumtishia malkia, aliyehamia c3. Vitunda vya e vikaondoka. Mweusi akamrudisha farasi wa f6 hadi d7, na kwa hatua hiyo njia ya askofu wa g7 ikafunguka hadi kwenye kitunda cha d4 na malkia aliyekuwa nyuma yake. Ilikuwa mbinu nzuri, ila Réti alikuwa ameiona. Malkia akasogea d2. Capablanca akakila kitunda cha d4, askofu mweupe akalipiza, na katika hatua ya 20 malkia mweusi akashuka na kukichukua kitunda cha c4.

Kwa dakika hiyo bingwa wa dunia alikuwa mbele kwa kitunda kimoja. Mfululizo wa miaka minane ulikuwa bado hai.

Réti akabadilishana maaskofu pale g7, na kwa hatua hiyo mfalme mweusi akapoteza mlinzi wake mkubwa. Malkia mweupe akamtishia mfalme kutoka b2, mfalme akarudi g8, na ngome nyeupe ikateremka safu ya d na kukila kitunda cha d6, kile kile kilichoachwa bila ndugu. Hesabu ya kete sasa ilikuwa sawa kwa sawa: malkia, ngome mbili, askofu, farasi wawili na vitunda vitano kila upande. Anayehesabu kete peke yake angesema sare inanukia. Anayetazama zimesimama wapi angemwonea huruma mweusi. Ngome nyeupe zilikuwa zikipangana kwenye safu ya d iliyo wazi. Farasi mmoja mweusi alikuwa amekaa f8 tangu hatua ya 14, na hakuondoka hapo hadi mwisho wa mchezo. Na malkia wa Capablanca alikuwa peke yake katikati ya uwanja wa adui.

Kuanzia hatua ya 20 hadi ya 28, zote tisa, malkia huyo alicheza mara tano. C4, c5, h5, e5, kisha c5 tena. Ni hesabu ya kusikitisha kwa mtu aliyesifika kwa kutopoteza hata hatua moja. Kila alipotua, farasi wa Réti walikuwa wakimsogelea, mmoja kupitia e3 na c4, mwingine kupitia d4. Maaskofu waliobaki wakabadilishwa g2. Katika hatua ya 29 farasi wa d4 akapanda hadi c6 na kuitishia ngome iliyokuwa a7. Ngome ikakimbilia c7. Farasi wa pili akarudi e3, na kwa kurudi huko akauchukua ulinzi wa mraba wa d5. Capablanca akamleta farasi wake e5. Réti akainua ngome ya d1 na kuiweka d5. Ilikuwa hatua ya 31.

Malkia mweusi alikuwa c5, na hakuwa na pa kwenda. Akiila ngome ya d5, farasi wa e3 anamla. Akishuka c4, farasi huyo huyo anamngoja. Akimla farasi wa c6, kitunda cha b kinamla; akikila kitunda hicho chenyewe, ngome ya d5 inamla. Kitunda kile, kilichosukumwa mbele katika hatua ya 3 wakati hakuna aliyeona maana yake, kilichopita hadi b5 katika hatua ya 14 na kutulia, ndicho kilichokuwa kikimshika farasi wa c6 mkono na kumfungia malkia njia ya kutokea. Hata hatua pekee yenye ujanja, farasi kushuka c4 ili malkia wabadilishwe, ingemwacha mweusi na farasi aliyenaswa ndani ya eneo la Réti na kambi isiyoweza kulindwa. Capablanca akakubali kushindwa.

Lazima tuwe wakweli kuhusu ushindi huo ulithibitisha nini. Haukumfanya Réti kuwa mchezaji bora kuliko Capablanca. Katika mzunguko wa pili Capablanca alimfunga Réti, akamfunga na Lasker pia, akamaliza wa pili kwa pointi 14 na nusu, na mchezo huu ukabaki kuwa kipigo chake pekee katika mashindano yote. Aliyechukua nafasi ya kwanza alikuwa Lasker, yule mzee wa kuja kuaga, kwa pointi 16 kati ya 20. Tena Lasker alipokutana na ufunguzi huu wa ubavuni hakuogopa: alimtoa askofu wake mapema hadi f5, akajenga ukuta imara wa vitunda, akamfunga Réti. Dawa ilipatikana katika mashindano yale yale yaliyoutangaza ugonjwa. Mwaka uliofuata, Baden-Baden, Alekhine naye alimpiga Réti aliyeanza pembeni, kwa mchezo unaohesabiwa kuwa miongoni mwa michezo mizuri kuliko yote iliyowahi kuchezwa.

Hata hivyo nasimama upande wa Réti. Alimaliza wa tano New York, kwa pointi 10 na nusu, na bado mashindano hayo yanakumbukwa kwa ajili yake karibu sawa na kwa ajili ya Lasker. Zawadi ya kwanza ya mchezo mzuri ilikwenda kwake, kwa ushindi dhidi ya Bogoljubow ulioisha kwa hatua tulivu ya askofu kwenda e8, hatua ambayo wachezaji wengi wangeipita bila kuiona. Alekhine, aliyeandika kitabu cha mashindano, aliongeza makala ndefu juu ya funguzi, akazipima fikra hizi mpya kwa uzito uliostahili. Baada ya New York mtu aliyeanza kwa farasi f3 na kitunda c4 hakulazimika tena kujieleza. Na ile hofu kwamba sataranji imekwisha ilipata jibu: kumbe nusu ya ubao ilikuwa haijalimwa.

Maisha ya Réti yenyewe hayakuwa marefu. Mwaka 1925, São Paulo, alicheza na watu 29 kwa wakati mmoja bila kuangalia ubao hata mmoja, rekodi ya dunia wakati huo. Aliendelea kuandika magazetini na kutunga mafumbo. Tarehe 6 Juni 1929 alifariki Prague kwa maradhi ya homa ya vipele vyekundu, siku chache baada ya kutimiza miaka 40. Kitabu chake juu ya mabingwa wa sataranji kilitoka mwaka uliofuata, bila yeye. Capablanca alikuwa ameshalipoteza taji kwa Alekhine, Buenos Aires, mwaka 1927. Alifariki New York mwaka 1942.

Desemba 1987, huko Sevilla nchini Hispania, Garry Kasparov aliketi kucheza mchezo wa 24, wa mwisho, dhidi ya Anatoly Karpov. Alikuwa nyuma kwa pointi moja. Sare ingemtosha Karpov kuwa bingwa wa dunia. Kasparov, mchezaji mwenye moto kuliko wote wa zama zile, alihitaji ushindi siku hiyo au taji liondoke. Angeweza kukimbilia katikati na kuanzisha vita mara moja. Alianza kwa kitunda cha c, akatoa farasi f3, akaweka askofu mmoja g2 na mwingine b2, akasubiri. Ulikuwa mpango wa Réti, kwa kete zile zile na miraba ile ile. Alishinda kwa hatua 64, wakalingana pointi 12 kwa 12, na taji likabaki kwake.

Msomaji mwenye ubao nyumbani, upange na uucheze mchezo huu wa 1924 tangu hatua ya kwanza, pamoja na mtoto wako kama anajua kete zinavyokwenda. Simameni hatua ya 20, kabla malkia mweusi hajakila kitunda cha c4, na mtafute pamoja mweusi angecheza nini.